Kinyozi na Maneno ya Mvua

Mwenye saluni alimwambia kinyozi wetu kwamba ananyoa watu kama anayeosha maiti.

Hakumwambia kwa ubaya. Alimwambia huku anafagia nywele, maana alikuwa mwanamke anayependa kusema mambo mazito wakati mikono yake inafanya mambo mepesi. "Mikono yako sina neno nayo, fundi," alisema. "Kichwa kikitoka kwako kimetoka. Lakini mteja anakaa pale, anafunikwa shuka, na wewe huyo nyuma yake, kimya. Anaanza kujiuliza kama bado yu hai. Mzee wa duka la viatu kaniambia juzi alijifinya."

"Alijifinya, mama?"

"Mkono. Chini ya shuka."

Kinyozi akatazama viatu vyake. Kule alikojifunzia kazi, kiti cha kinyozi ndipo mahali pekee ambapo mwanamume haulizwi chochote. Nyumbani anaulizwa, kazini anaulizwa, njiani anaulizwa. Akikaa kwenye kiti anafumba macho na dunia inamwacha apumue. Kinyozi anayemsemesha mtu pale alihesabiwa sawa na mtu anayebisha hodi chooni. Na sasa alikuwa anaambiwa kwamba heshima yake yote ile, watu wa huku waliiona ni uchuro.

"Hapa watu hawaji kunyolewa," mwenye saluni aliendelea. "Wanakuja kuongea. Nywele ni kisingizio. Jumamosi nitakaa hapa tangu kufungua mpaka kufunga, nikuangalie. Jioni nitajua kama naiandika ile barua au siiandiki."

Barua hiyo ndiyo ilikuwa roho ya nyumba nzima. Kibali chao cha kuishi nchi ile kilikaa juu ya kazi ya kinyozi kama chungu juu ya mafiga, ila hapa figa lilikuwa moja. Mwajiri akisema bado anamtaka, wanapata mwaka mwingine: yeye, mkewe, na binti yao aliyeanza tu kuitwa kucheza na wenzake. Mwajiri akinyamaza, wanafunga mizigo. Ajabu ya dunia hii: watu wengi hufukuzwa nchi za watu kwa kusema. Huyu wetu alikuwa anafukuzwa kwa kutosema.

---

Walikaa chumba kimoja chenye jiko kwenye kona, juu ya duka la kufua nguo. Mashine za chini zilipoanza kukamua, sakafu ilitetemeka na vijiko viligongana kwenye kikombe. Familia ilikuwa imeshajifunza kutulia mpaka mashine zimalize, kama watu wanaompisha mkubwa asemapo.

Shemeji alikuwepo. Huyu alikuwa kaka yake mke, aliyetangulia nchi ile, na kwa kutangulia huko alijiona kama amezaliwa hapo. Alipeleka vifurushi kwa pikipiki. Alikuja kila jioni kuwasalimia tu, na salamu zake zilikuwa na bahati ya kuangukia dakika ile sufuria inapoteremshwa.

"Shem, hiyo kazi ndogo sana," alisema baada ya kusikia habari, akivuta sahani karibu. "Kuongea bila kusema kitu. Mimi naongea na watu milangoni kutwa, jioni simkumbuki hata mmoja. Mada ni tatu: mvua, mpira na foleni. Usitoke nje ya hapo."

"Mvua niiseme vipi?"

"Unasema, 'Mvua hii.'"

"Halafu?"

"Halafu basi."

"Lakini mvua anaiona, shemeji. Kaja amelowa."

"Ndiyo raha yake. Hamwezi kubishana."

Mke alicheka mpaka akaweka mwiko chini. Binti, aliyekuwa anakata mkate vipande visivyolingana, akasema hata mwalimu wao husema hivyohivyo kila asubuhi. Anaingia, anatazama dirishani, anasema "Mvua hii," halafu anasomesha.

"Na nyinyi mnajibu nini?" kinyozi akauliza. Alikuwa ameacha kula. Jambo lenyewe lilikuwa limeanza kumvutia, kama vile fundi wa saa anavyovutwa na saa iliyosimama.

"Tunasema, 'Acha tu.'"

"Tuache nini?"

Binti akamtazama mjomba wake. Mjomba akatazama sahani. "Hilo, shem," alisema mwishowe, "hakuna aliyewahi kuuliza."

Wakafanya mazoezi. Shemeji alikaa kwenye kigoda, taulo shingoni, kinyozi nyuma yake na chanuo badala ya wembe. Chanuo likaanza kupanda kisogoni. "Mvua hii," akasema kinyozi, na chanuo likasimama. Alijaribu tena. Mdomo ulipofunguka, mkono ulikufa. Mkono ulipoenda, mdomo ulijifunga wenyewe kama mlango wenye springi.

"Ni mwalimu wangu," alisema kwa aibu kidogo. "Alikuwa akinigonga vidole na chanuo. Alisema, mdomo ukifunguka, mkono unasikiliza. Na mkono unaosikiliza unakata sikio."

"Mwalimu yuko wapi siku hizi?" shemeji akauliza.

"Amekufa."

"Na bado anakugonga."

"Mwacheni," mke akasema. "Mkono wake mtiifu kuliko yeye. Mimi nimeishi naye, najua." Lakini alipogeuka kukoroga tena alikuwa hacheki.

---

Kesho yake kinyozi alizipima mada tatu za shemeji akaziona nyembamba. Mtu akikosa mchuzi mzuri, alijiambia, afadhali apike ule wa kwao anaoujua. Basi fundi bomba mmoja alipokaa kitini, kinyozi alimaliza kumfunika shuka, akasimama mbele yake, akamsalimia kwa adabu zote alizolelewa nazo.

"Habari za nyumbani?"

"Nzuri."

"Mama watoto hajambo?"

Fundi bomba akamtazama. "Hajambo."

"Anaendeleaje na kazi? Watoto? Wazazi wa pande zote mbili wazima?"

"Kwani unamjua mke wangu?"

"Hapana, kaka. Simjui kabisa."

"Sasa mbona unamuulizia?"

Kinyozi akarudi nyuma ya kiti. Kwao, asiyemuulizia mkeo ndiye unayemshuku. Kunyoa kwenyewe kuliendelea, lakini fundi bomba hakufumba macho tena. Alimfuatisha kinyozi kwenye kioo kama mtu aliyebandika maziwa motoni. Alipomaliza kunyolewa, fundi bomba alimwinamia kinyozi wa kiti cha mbele, kijana mwenyeji waliyemwita Redio kwa kuwa hakuwa na swichi ya kumzimia, akamnong'oneza: "Huyu mwenzako, mke wangu kamjulia wapi?"

Kumnong'oneza Redio ni kununua tangazo. Mpaka saa ya chakula cha mchana saluni nzima ilikuwa nayo. Mteja aliyefuata alikaa, akavuta shuka mpaka kidevuni, akasema kwa sauti ya kusikika hadi benchi la mwisho: "Ninyoe, fundi, ila mke wangu mwache alivyo." Watu wakacheka. Kinyozi naye akacheka, kwa sababu mgeni asiyecheka anachekwa mara mbili.

Alasiri alirudi kwenye mada za shemeji, akaokota mpira. "Jana mpira," alimwambia kijana mmoja mwenye kola iliyonyooka.

"Timu gani wewe?"

Somo la shemeji halikuwa limefika huko. "Ile iliyoshinda," akasema kinyozi.

"Jana walitoka sare."

Redio alilazimika kuzima mashine yake mpaka kicheko kimwishe.

---

Mke alikuwa anaosha masufuria kwenye jiko la shule, masufuria makubwa ambayo mtu anaingiza kichwa na mabega, na sauti yake inamrudia. Lugha ya wenyeji alikuwa ameivaa kama kiatu cha mtumba: inaingia, ila inabana vidole. Hata hivyo watu walimpenda, kwa kuwa alicheka kabla ya kuelewa na alifanya kazi baada ya kuelewa.

Asubuhi iliyofuata, baada ya kusikia habari za fundi bomba, alikuwa na lake. Mpishi mkuu alipoingia, akakung'uta mwavuli, akasema, "Mvua hii," mke hakujibu "Acha tu" kama kawaida. Alitoa kichwa kwenye sufuria.

"Dada, samahani. Kwa nini unaniambia mvua?"

"Unasemaje?"

"Mvua ninaiona. Wewe unajua ninaiona. Kwa nini unaniambia?"

Mpishi mkuu alisimama na mwavuli wake unachuruzika. Hakukasirika. Ilikuwa kama ameulizwa kwa nini anatembea kwa miguu miwili. "Sijui," akasema. Akafunga mwavuli, akafikiri, akaufungua tena bila sababu. "Labda ili nisikie sauti yako. Nijue umeamkaje. Leo, kwa mfano, nasikia hukulala."

Jambo hilo mke alilibeba njia nzima, na alipofika nyumbani alilitua kabla hata ya kuvua viatu.

"Mume wangu, kumbe ile ni hodi."

"Ipi?"

"Mvua yao. Mtu anapiga hodi. Hana shida na mlango, anataka kujua ndani kuna mtu gani. Sasa wewe fundi bomba wa watu ulimpigia hodi ukiwa umeshaingia mpaka chumba cha kulala."

Kinyozi akashika kichwa. Akacheka mwenyewe, kicheko cha kweli, cha kwanza tangu juzi. Halafu akalipima neno lile. "Ila mwenye kupiga hodi hungoja aambiwe karibu. Hawa hawangoji. Redio anamuuliza mtu hali yake, mtu anafungua mdomo, Redio ameshafika kwenye foleni ya mafuta."

"Hata mimi nimeona. Wanauliza wanaondoka."

"Mimi nikiuliza nitangoja."

"Na mkono wako je? Si unakufa?"

"Utapumzika. Nitaweka wembe chini, nije mbele, niulize, nisikilize, nirudi."

"Jumamosi? Na benchi lote lile linangoja?"

Hapo mashine za chini zikaanza kukamua, wakanyamaza wote wawili, mikono juu ya meza. Zilipokwisha, mke alisema kwa sauti ndogo: "Binti kaniuliza kama amuage rafiki yake sasa hivi, kuliko kungoja mpaka siku ya kufunga mizigo. Nimemwambia asubiri."

"Umemwambia asubiri nini?"

"Nimemwambia asubiri tu."

---

Jumamosi ilinyesha tangu alfajiri. Benchi lilijaa, miavuli ikaegemezwa kwenye beseni mlangoni, na mwenye saluni akakaa kando ya kaunta na birika la chai, mguu juu ya mguu, kama mtu aliyekata tiketi.

Mteja wa kwanza wa kinyozi alikuwa mpaka rangi wa majumba, mtu mpana, madoa meupe mpaka kwenye nyusi. Kinyozi alianza kazi yake, akapandisha upande wa kulia mpaka sikioni. Akasimama. Akapangusa wembe, akauweka kwenye sahani yake, akakizunguka kiti, akaja mbele, akafumbata mikono.

"Mvua hii," alisema.

Mpaka rangi alitazama kushoto, kisha kulia. "Acha tu," akajibu.

Kinyozi hakuondoka. Alikuwa anangoja. "Niache nini, kaka?" akauliza, na wallahi hakuwa na dhihaka, alitaka kujua, alikuwa ametaka kujua wiki nzima.

Redio akazima mashine. "Simameni," alitangaza. "Hakimu ameingia mahakamani."

Benchi likaangua kicheko. Mwenye saluni hakucheka. Mpaka rangi naye alicheka kidogo, halafu akaona yule mtu mbele yake bado anangoja jibu, na jibu kumbe alikuwa nalo.

"Acha tu, maana ukuta haukauki," alisema. "Nina nyumba moja hapo juu. Napaka, inavimba. Nabandua, napaka, inavimba. Mwenye nyumba anadhani mimi mvivu. Jana kaniletea kiti, kaniambia nikae basi moja kwa moja."

"Ukuta ukiwa umelowa kwa ndani, unajuaje?"

"Shavu."

"Shavu?"

"Unaulalia shavu. Mkono umezoea kila kitu, unakudanganya. Shavu linakwambia." Akainua uso kumwonyesha, nusu amenyolewa nusu bado, macho yamefumba, amelalia ukuta usiokuwepo.

Kinyozi alitikisa kichwa polepole kama mtu aliyepewa kitu. "Ahsante," akasema. Akarudi nyuma, akachukua wembe, na hakutoa sauti nyingine mpaka upande wa pili ulipokwisha. Lakini benchi lilikuwa limeshapata moto. Mzee wa duka la viatu, yule wa kujifinya, alisema viatu navyo ni hivyohivyo, ngozi mbichi inajua kudanganya vidole. Mwanamke aliyemleta mwanawe akasema mke wa mtu kama mpaka rangi hupata shida, maana mume anarudi na shavu jeupe na mke hajui alilalia wapi. Mpaka rangi alinyanyuka amekwisha, akalipa, akakaa tena benchini kumjibu.

Kwa hiyo kazi ilienda, na haikuenda. Kila kichwa kilikuwa na kituo chake. Dereva wa teksi alijibu kwamba mvua kwake ni nzuri, ila watu waliolowa hawasemi wanakokwenda, wanasema "twende tu." Kijana wa kola iliyonyooka alisema hana la kusema kuhusu mvua, kinyozi akangoja kidogo, akaona ni kweli hana, akarudi nyuma bila kinyongo. Na mtu mmoja wa mkoba, aliyetazama saa yake tangu alipoingia, alisimama hatimaye, akachomoa mwavuli wake, akasema: "Nimekuja kunyolewa. Sikuja kutoa ushahidi." Mlango ukabamizwa nyuma yake. Baadaye kidogo mwingine akamfuata, huyu taratibu, lakini kwenda ni kwenda.

Kinyozi aliwaona wote wawili kwenye kioo. Akaona pia kwamba mwenye saluni, kila mlango ulipofungwa, alimimina chai na hakuinywa.

---

Redio alikuwa wa mwisho kuaga. Alipofika mlangoni alimpiga kinyozi begani, akasema, "Hakimu, leo umeninyang'anya mawimbi," akatoka akipiga mluzi. Ikabaki mvua, na nywele sakafuni, na mwenye saluni.

"Walioondoka umewaona?"

"Nimewaona, mama."

"Mimi pia. Na wengine wamenyolewa wakakataa kuondoka, wamenimalizia chai." Alisimama, akakung'uta sketi, akaja akakaa kwenye kiti cha kinyozi. Nywele zake zilikuwa fupi, zimeanza kuota mvi kwa mbele. "Haya. Nipunguze. Nataka nikusikie mwenyewe."

Kinyozi alimfunika shuka. Akachukua wembe. Alifanya upande mmoja. Akapangusa wembe, akauweka, akaja mbele.

"Mvua hii, mama."

"Ni mvua."

Akangoja.

"Ni mvua tu, fundi. Mimi sina ukuta."

Akainamisha kichwa, akarudi nyuma. Moyo ulikuwa umemshuka mpaka kwenye soksi. Hodi amepiga, na ndani amejibiwa hakuna mtu.

"Na nani huyo ananibandikia pua kwenye kioo cha dirisha langu?" mwenye saluni akauliza.

Nje, chini ya koti moja la mvua, koti la shemeji la pikipiki, walisimama watu wawili. "Ni mke wangu, mama. Na binti yetu."

"Wanalowea nini huko? Waite."

Kinyozi aliwapungia. Waliingia pamoja na maji yao, wakasimama juu ya kitambaa cha mlangoni. Mke akamtazama mumewe, na swali lilikuwa usoni kwake limeandikwa kwa herufi kubwa: tunakaa au tunaondoka? Lakini wembe ulikuwa shingoni kwa mwenye saluni. Mdomo wa kinyozi ulikuwa umefungwa kama ilivyo sheria, na uso wake ulikuwa uso wa kazini, usiosema ndiyo wala hapana. Naye mwenyewe alikuwa hajui.

Mke akakaa kwenye ukingo wa benchi, binti pembeni yake. Maneno hakuwa nayo mengi, basi akatoa lile alilokuwa nalo.

"Mvua hii, mama."

"Acha tu," mwenye saluni akasema, akashusha pumzi ndefu. "Umelowa mpaka magotini."

"Barabara imejaa."

"Kwenye kona ya duka la dawa? Pale ndipo penyewe. Manispaa wanachimba, wanafukia, wanapiga picha, wanaondoka. Maji yanarudi palepale kama yana hati ya kiwanja."

"Kila mvua?" mke akauliza. Alimtazama mumewe kiwiko, labda kiwiko kingempa fununu. Kiwiko kilipanda na kushuka.

"Kila mvua. Mume wangu alipokuwa hai alikuwa ananivusha mgongoni, mimi na hivi nilivyo. Watu wanatoka madukani kutazama." Mwenye saluni akacheka peke yake chini ya shuka. "Mwanao huyu anasoma?"

"Anasoma. Anapenda sana," mke alisema. Binti akatazama magoti yake.

"Mnunulie mabuti. Hivyo viatu si vya huku."

"Viatu hivi vinatosha, mama. Kwa mvua hii..."

"Hii?" mwenye saluni akasema. "Hii ni manyunyu, mwanangu. Ngoja muone ya mwakani. Mwakani mwezi kama huu mtakuja hapa mmebeba viatu mkononi."

Mke alifungua mdomo amjibu kitu kuhusu viatu. Akaufunga. "Mwakani," akasema.

"Mwakani. Barua nitaiandika Jumatatu, leo nimechoka. Huyu atahamia kiti cha nyuma, wenye haraka zao waende kwa Redio." Alitoa mkono chini ya shuka, akajigusa kichwa, upande uliokwisha, kisha uliobaki. "Na wewe Hakimu, mbona wembe umesimama? Mimi naongea na mkeo. Sijakuuliza kitu."